Uzito wa Kutua

Usiku wa giza, wavuvi wa sambaza wa upande wa Birava hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakapiga makasia kwa wimbo hadi katikati ya Ziwa Kivu, wakawasha taa na kungoja. Samaki hufuata mwanga. Juu yao, kilomita 10 au 11 angani, hupita mwanga mwingine, taa nyekundu ya ndege kubwa inayokata bara kwenda magharibi. Mvuvi hana haja ya kumjua rubani. Rubani naye, akiinamisha macho, haoni ila weusi na vidoa vichache vya mwanga ambavyo pengine hudhani ni kijiji.

Liko jambo moja linaloweza kuwakutanisha. Ndege hiyo ikipatwa na hitilafu ikalazimika kutua mapema, huenda ikabidi kwanza imwage mafuta yake hewani, na kanuni za dunia zinasema yamwagwe mbali na miji, na ikiwezekana juu ya maji. Juu ya maji, yaani juu ya mvuvi.

Sababu ni uzito. Ndege ya safari ndefu huruhusiwa kupaa ikiwa nzito kuliko inavyoruhusiwa kutua. Boeing 777-300ER hupaa na tani 351, lakini uzito wake wa kutua unaishia tani 251. Tani 100 za katikati ni mafuta yanayotarajiwa kuungua njiani. Sisi wa Bukavu tumezoea Let 410, ndege ambayo pamoja na abiria, mizigo na mafuta yake haizidi sana tani 6 na nusu, kwa hiyo tuseme hivi: jeti moja kubwa hubeba, kwa mafuta ya tofauti hiyo tu, uzito wa Let 15 zilizojaa. Rubani anayelazimika kurudi akiwa bado na mzigo huo ana njia tatu. Azunguke mpaka yaungue. Atue hivyo hivyo, akijua kwamba mafundi watalazimika kuikagua ndege kabla haijaruka tena. Au amwage. Njia ya tatu inahitaji mtu aliye chini, anayejua kila ndege iko wapi kwa saa ile, na anayeweza kuziambia zote zipishe. Katika anga la Kivu, kwa miaka 100 sasa, mtu huyo ndiye anayetafutwa.

1925–1938: Wakati ndege zilipokuwa nyepesi

Mbelgiji Edmond Thieffry alipaa Brussels tarehe 12 Februari 1925 na kutua Léopoldville tarehe 3 Aprili. Siku 51, na kati ya hizo saa za kuwa hewani hazikuzidi 76. Muda uliobaki ulikwenda katika kungoja vipuri na hali ya hewa. Hapakuwa na wa kumwongoza wala wa kumpisha. Angani ndege yake ilikuwa peke yake. Miaka minne baadaye, Aprili 1929, Thieffry huyo huyo alianguka na kufa karibu na Ziwa Tanganyika, akiwa katika kutafiti njia za ndege za ndani ya Kongo.

Suala la kumwaga mafuta halikumhusu. Ndege za enzi yake zilipaa na kutua kwa uzito uleule, au karibu uleule, na shida ya rubani ilikuwa kuishiwa, sio kuzidiwa. Kuzidiwa kulianza pale watu walipotaka kuvuka bahari bila kusimama.

Ndipo tukio la kwanza la kutisha likaja, mbali kabisa na kwetu, katika Bahari ya Pasifiki. Tarehe 11 Januari 1938 kapteni Edwin Musick wa Pan American, rubani aliyekuwa maarufu kuliko wote wa kampuni hiyo, aliondoka Pago Pago na ndege ya majini aina ya Sikorsky S-42. Injini moja ikavuja oili. Akaamua kurudi, na kwa kuwa matangi yalikuwa yamejaa, akatoa taarifa kwamba anamwaga mafuta. Ndege ililipuka hewani. Watu saba walikuwamo, wote wafanyakazi wa kampuni, na hakuna aliyepona. Inaaminika mvuke wa mafuta ulinaswa kwenye bawa ukakutana na cheche.

Tangu hapo wahandisi wamesogeza mabomba ya kumwagia hadi nyuma ya mabawa, mbali na moto wa injini. Woga wa cheche haukuisha hata hivyo. Mpaka leo kanuni inatambua kwamba rubani anaweza kuamua kunyamaza redioni wakati wote wa kumwaga, na inamtaka akubaliane kwanza na waongoza ndege ni masafa gani ataendelea kuyasikiliza, na saa ngapi atafungua tena mdomo. Ukimya huo tutaurudia.

1944–1960: Kitabu kinaandikwa

Mwishoni mwa 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, mataifa 52 yalikutana Chicago na kuandika mkataba wa usafiri wa anga. Kifungu cha 28 kinaitaka kila nchi itoe viwanja, redio na taarifa za hali ya hewa katika eneo lake, kadiri itakavyoweza kutekeleza. Maneno hayo ya mwisho yamekuja kuwa mlango mpana sana.

Kutokana na mkataba huo likazaliwa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na kutokana na ICAO kikaja kitabu cha taratibu ambacho kila mwongoza ndege duniani anakijua kwa namba yake, 4444. Sehemu ya kumwaga mafuta haifiki kurasa mbili, nayo ni ya kueleweka. Rubani anataja shida yake. Mwongoza ndege anapanga naye mambo matatu: njia itakayokwepa miji, ikiwezekana juu ya maji na mbali na mawingu ya radi, kimo, kisipungue mita 1,800, na muda utakaochukuliwa. Kisha anazitenga ndege nyingine. Ubavuni na mbele, zikae umbali wa kilomita 19 au zaidi. Nyuma ndiko kwenye hatari, kwa sababu ndiko ukungu wa mafuta unakoning'inia: kwa kilomita 93, au dakika 15 za kuruka, ndege iliyo juu iachane nayo kwa mita 300, na iliyo chini kwa mita 900. Mafuta hushuka, ndiyo maana wa chini wanapewa nafasi mara tatu. Mwisho, tangazo linatolewa kwa wote wasio chini ya mnara wowote, wajiepushe.

Ukikisoma kifungu hicho kwa makini unaona kimejengwa juu ya sharti moja lisiloandikwa: kwamba yupo mtu anayeziona au kuzisikia ndege zote hizo.

Jeti za kwanza kubwa, Boeing 707 na DC-8, zilipoingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1950, sheria ya Marekani ilikuwa nyepesi kueleza: ndege ambayo uzito wake wa kupaa unazidi asilimia 105 ya uzito wa kutua, lazima iwe na vali za kumwaga. Katika miaka ya 1960 sheria ikabadilishwa. Ikasemwa kwamba ndege inayoweza kupaa, kuzunguka dakika 15 na kurudi, ikiwa bado na nguvu ya kupanda tena endapo itashindwa kutua, haihitaji vali hizo. Kwa watengenezaji hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Ndege za injini mbili za safari fupi, kama DC-9 na Boeing 737, na baadaye Airbus A320, zikatengenezwa bila vali.

Uamuzi huo wa mbali ulipanga hali ya kwetu mpaka leo. Ndege za abiria zilizokuwa zikitua Kavumu, uwanja wa Bukavu, hazikuweza kumwaga mafuta hata zingetaka, na zile zinazoweza hupita juu bila kushuka.

Wakati wa ukoloni Bukavu ilikuwa mji wa walowezi, na kwa muda mrefu iliitwa Costermansville, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sabena ya Ubelgiji ndiyo iliyoshika njia za ndege za koloni, na Wabelgiji ndio waliokaa kwenye minara na kushika vipaza sauti vya redio. Wakongo waliofunzwa kazi hiyo hawakuwapo.

1960–1961: Minara mitupu

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wakaasi, na Wabelgiji wakaondoka kwa maelfu, wengi wao kwa ndege za Sabena. Waongoza ndege na mafundi wa redio waliondoka na wengine. Nchi yenye kilomita za mraba milioni 2.3 ikabaki na anga lisilo na sauti, katika wiki zile zile ambapo Umoja wa Mataifa ulikuwa unaleta askari wake kwa ndege, moja baada ya nyingine. ICAO ilibidi itafute wataalamu kutoka nchi nyingine na kuwaleta wakae kwenye minara hiyo. Nafasi yao haikujazwa kwa siku moja, kwani mwongoza ndege hafunzwi kwa wiki mbili.

Tarehe 17 Septemba 1961, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alipaa Léopoldville kwa ndege aina ya DC-6, akienda Ndola kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililojitenga. Ndege ya kivita ya Katanga ilikuwa tishio, kwa hiyo marubani walichukua njia ya mzunguko, mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika halafu kusini, huku redio imenyamazishwa kwa muda mrefu wa safari. Usiku huo ndege yenye mtu mashuhuri kuliko wote katika diplomasia ya dunia ilivuka mashariki mwa Kongo bila mtu wa chini kujua iko wapi. Ilianguka msituni karibu na Ndola baada ya saa sita usiku. Watu wote 16 walikufa. Wachunguzi wameirudia kesi hiyo tena na tena, na sababu ya kuanguka bado inabishaniwa.

Ninaitaja hapa kwa sababu ya ukimya. Kwa mnara wa Ulaya, ndege iliyonyamaza dakika 20 ni dharura. Kwetu ukimya ulikuwa mbinu ya usalama, na marubani waliorithi anga hili hawakuisahau.

1967–1996: RVA, na uzito usiopimwa

Mwaka 1967 askari mamluki wa Jean Schramme waliishika Bukavu kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, na ndege zilizokuwa zikionekana juu ya rasi za mji zilikuwa za kurusha risasi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikaunda Régie des Voies Aériennes, ambayo kila msafiri wa Kongo anaijua kama RVA, ikakabidhiwa viwanja na anga lote.

Kazi ilianza vizuri. Kilichofuata kinajulikana: sarafu ikaporomoka, vipuri vikakosekana, mishahara ikachelewa. Barabara nazo zikafa, na zilipokufa, ndege ikawa lori. Gunia la maharage, ng'ombe wa nyama, kreti za bia, kila kitu kikapanda hewani katika Antonov kuukuu, na mizani ikawa jambo la mazungumzo kati ya mwenye mzigo na mwenye ndege.

Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 iliyozidishiwa mzigo ilishindwa kupaa kwenye uwanja wa Ndolo, katikati ya Kinshasa, ikapitiliza mwisho wa njia na kuingia katika soko la Simbazikita. Ilikuwa na matangi yaliyojaa. Mamia ya watu sokoni waliuawa na mabawa, mapanga ya injini na moto. Ndiyo ajali iliyoua watu wengi zaidi ardhini katika historia ya ndege za Afrika.

Vali za kumwaga zisingesaidia hapo, kwani hakukuwa na dakika 15 za kuzitumia. Lakini ni swali lile lile la uzito lililoulizwa upande wa pili. Kwingine duniani watu walikuwa wakibishana ndege ipunguzeje uzito ili itue salama. Kwetu hakuna aliyeipima kabla haijapaa.

1998: Miezi mitatu

Vita vya pili vya Kongo vilianza Bukavu na Goma tarehe 2 Agosti 1998. Siku mbili baadaye waasi na washirika wao waliteka ndege Goma, wakavuka nchi nzima hadi Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki. Anga la nchi likakatika vipande viwili: magharibi upande wa Kinshasa, mashariki upande wa waasi, na minara iliyotakiwa kupokezana ndege ikawa pande mbili za vita. Tarehe 10 Oktoba, Boeing 727 ya abiria ilitunguliwa kwa kombora baada ya kupaa Kindu. Waliokuwamo, zaidi ya 40, walikufa wote.

Katikati ya tarehe hizo, Septemba 2, MD-11 ya Swissair iliyotoka New York kwenda Geneva ilianza kutoa moshi kwenye chumba cha marubani. Walikuwa karibu na Halifax, Kanada, lakini juu mno na wazito mno. Mwongoza ndege, kwa utulivu na adabu zote, akapanga nao mahali pa kumwaga mafuta, na ndege ikageuka kuelekea baharini. Dakika chache baadaye umeme wake ukaanza kukatika. Ilianguka karibu na kijiji cha Peggy's Cove, na watu 229 wakafa. Uchunguzi wa Kanada ulihitimisha kwamba hata kama wangekwenda moja kwa moja uwanjani wasingewahi, maana moto ulikuwa umeshatangulia. Lakini marubani wengi duniani walitoka na funzo jingine: pakiwa na moto, tua, acha mizani.

Halifax ilikuwa na mnara, rada, bahari wazi na mtu mtulivu redioni, na bado haikutosha. Kindu mwezi uliofuata hakukuwa na hata kimoja.

Masafa ya 126.9

Marubani waliotakiwa kuvuka nchi kama hii walijitengenezea dawa, na IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege, ikaiandika kama utaratibu rasmi wa Afrika. Kila rubani anayeingia katika anga lenye mawasiliano dhaifu, la Kinshasa likiwamo, hufungua redio ya pili kwenye masafa ya 126.9 na kusema hewani, bila kuulizwa na mtu: jina la safari, kimo, njia, mahali alipo na saa, na anatarajia kufika nukta inayofuata saa ngapi. Hurudia kila baada ya dakika 20, na kabla ya kubadili kimo. Hazungumzi na mnara. Anawaambia marubani wenzake, na kila mmoja anachora ramani kichwani mwake.

Sababu ni ya kimaumbile pia. Redio ya kawaida ya ndege husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwa ndege iliyo juu sana hufika kilomita 400 hivi. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni zaidi ya 1,500. Bila vituo vya katikati vinavyofanya kazi, inabaki redio ya masafa marefu, ile inayokwaruza kama sufuria. Huko Kinshasa RVA imeendelea kulipwa na kila ndege inayopita juu, na mitambo mipya ya satelaiti imeletwa kwa awamu. Marubani wamepokea habari hizo vizuri, na 126.9 hawajaizima.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Ndege ya injini mbili iliyotoka Nairobi kwenda magharibi inafika juu ya Kivu, injini moja inazimika. Inaanza kushuka polepole hadi kimo ambacho injini moja inaweza kukishikilia, kilomita 6 au 7. Kutua Kavumu haiwezekani: njia ya pale ina mita 2,000 tu. Kisangani ina mita 3,500, Kigali pia, Entebbe zaidi kidogo, Nairobi zaidi ya 4,100. Rubani anaamua kwenda Entebbe, na anaamua kumwaga tani 60 kwanza. Kwa tani 2 kwa dakika, hiyo ni nusu saa.

Amwage wapi? Anatazama chini anaona Ziwa Kivu, na hapo hesabu inagoma. Ziwa lina urefu wa kilomita 90 hivi, na upana wa 48. Mkia wa mafuta ambao kanuni inataka ulindwe nyuma ya ndege ni kilomita 93. Mkia ni mrefu kuliko ziwa. Katika nusu saa ndege itakuwa imekwenda zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo ingelazimika kuzunguka, na kuzunguka ni kurudi ndani ya ukungu wako mwenyewe. Mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji, kwa hiyo kila mzunguko ungemtoa mkononi mwa waongoza ndege wa nchi moja na kumwingiza kwa wa nchi nyingine.

Kimo nacho kina mtego. Mtu akiisoma ile mita 1,800 ya kitabu kama kimo cha kutoka usawa wa bahari, kwenye lami ya Kavumu, iliyo mita 1,720, angebaki na mita 80 tu juu ya ardhi. Lazima ihesabiwe kutoka chini. Uso wa ziwa uko mita 1,460, ukijumlisha unapata 3,260. Mlima Kahuzi, unaoonekana kutoka uwanjani asubuhi yenye hewa safi, una mita 3,308. Rubani angekuwa ametii kitabu na bado kilele kiko juu yake. Kifungu hiki, naona, kiliandikwa na watu waliozoea pwani.

Jibu la kweli kwa rubani huyo ni kutomwaga hapa kabisa. Aendelee mashariki mpaka Entebbe wamsikie, wampeleke juu ya Ziwa Victoria, ambalo lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na uwanja kando ya maji. Kama shida yake ingemkuta kusini, Tanganyika ingemfaa pia: kilomita 673 za maji karibu kwa mstari mmoja, ingawa nchi nne zinagawana mawimbi hayo. Kabla ya kufika huko, kinachomlinda ni sauti yake mwenyewe kwenye 126.9. Na ndiyo maana kuchagua ukimya kwa kuogopa cheche, huku kwetu, lingekuwa kosa kubwa kuliko cheche.

2008–2012: Milima na lami fupi

Aprili 15, 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa Goma na kuingia katika mtaa wa Birere ikiwaka. Njia ya uwanja huo ilikuwa bado imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002. Septemba 1 mwaka huo huo, Beechcraft ya Air Serv iliyobeba wahudumu wa misaada iligonga mlima ikikaribia Kavumu katika hali mbaya ya hewa. Watu 17, hakuna aliyepona. Tarehe 12 Februari 2012, jeti ndogo ya Gulfstream ilipitiliza mwisho wa njia ya Kavumu. Augustin Katumba Mwanke, mshauri aliyeaminiwa kuliko wote na Rais Joseph Kabila, alikufa hapo. Waziri wa fedha Matata Ponyo alitoka hai, na miezi miwili baadaye alikuwa waziri mkuu.

Kwa Goma na kwa Gulfstream, lami ilikuwa fupi kwa ndege ile, kwa uzito ule, kwa mwendo ule. Kwenye mwinuko kama huu hewa ni nyepesi, na ndege hugusa lami kwa kasi kubwa kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Kila tani hapa ni nzito zaidi.

2020: Shule ya Cudahy

Asiyeamini kwamba hata anga lenye rada kila kona linaweza kukosea, aitazame Los Angeles. Tarehe 14 Januari 2020, Boeing 777 ya Delta iliyokuwa inaenda Shanghai ilipata hitilafu ya injini mara baada ya kupaa. Mwongoza ndege aliuliza kama wanahitaji kumwaga mafuta. Marubani wakajibu hapana. Kisha wakamwaga, bila kumwambia mtu, wakiwa chini sana juu ya mitaa ya watu. Mvua ya kerosini iliwaangukia watoto uwanjani mwa shule ya msingi ya Park Avenue huko Cudahy na shule nyingine za jirani. Watu kama 60 walitibiwa ngozi na macho.

Mafuta yakimwagwa juu ya kutosha, sehemu kubwa hugeuka mvuke kabla ya kufika chini, na hiyo ndiyo maana nzima ya kile kimo cha kitabuni. Yakimwagwa chini huja kama yalivyo. Wa Bukavu hahitaji kuelezwa yananukaje. Hapa tuna esanse ya pikipiki, mazutu ya lori, na petroli, ambayo ni ya taa. Mafuta ya jeti ni ndugu wa hiyo ya tatu. Mama wa Kadutu angeitambua harufu ile ya Cudahy mara moja.

2025

Februari 14, 2025, wapiganaji wa M23 waliingia uwanja wa Kavumu, na siku mbili baadaye wakaingia mjini. Ndege za Umoja wa Mataifa, zilizokuwa zimeujaza uwanja huo kwa miaka mingi, zilikuwa zimepungua tangu MONUSCO, ujumbe wake wa kulinda amani, ilipofunga shughuli zake Kivu Kusini katikati ya 2024. Safari za abiria zikasimama. Uwanja wa Goma ulikuwa umetekwa wiki chache kabla.

Msafiri wa Bukavu akashuka na sanduku lake hadi Ruzizi, akavuka daraja kwa miguu, akapanda gari hadi Kamembe upande wa Rwanda. Huko hutua Dash 8 ya kwenda Kigali, ndege ya mapanga ambayo tofauti ya uzito wake wa kupaa na wa kutua haifiki tani 2. Haina vali. Ikilazimika kurudi ikiwa nzito, huzunguka tu mpaka yaungue.

Alfajiri mitumbwi inarudi Birava. Wanawake wanaingia majini hadi magotini kuzipokea sambaza, na bei inabishaniwa ndoo bado zinachuruzika. Juu ya mawingu, kwenye 126.9, mtu mwenye lafudhi ya mbali anataja jina la safari yake, kimo, njia, na saa.